Jike Husubiri Kwanza

Kila alipoinamia hadubini, Fundi alisalimu kwanza. "Ejok," alisema, kwa sauti ileile aliyowasalimia wazee wa Kanamkemer akipita njiani, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayengoja kuitikiwa. Chini ya kioo, katika tone la maji lisilotosha kulowesha kidole, walilala viumbe wa siku saba, viinitete vya ng'ombe, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na sikio. Nilipokuwa mgeni nilicheka. Baada ya mwaka mmoja nikajikuta na mimi nasalimu, na mpaka leo nasalimu, ingawa kimoyomoyo.

Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja, kwenye kituo kidogo cha mifugo nje ya Lodwar, upande wa mto Turkwel, ambako maji ya mfereji yalituwezesha kuotesha nyasi wakati nchi yote imegeuka vumbi. Katika miaka hiyo nilimdanganya mara moja tu. Nasema "mara moja tu" kwa sababu ndivyo nilivyojiambia muda mrefu, nikidhani uwongo mmoja ukikaa peke yake utanyauka kwa kukosa maji.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Unachukua ng'ombe mzuri wa maziwa anayevumilia joto, unamdunga sindano ili atoe mayai mengi badala ya moja, unampandisha, na siku ya saba unaosha mfuko wake wa uzazi kwa maji maalum na kukusanya viinitete. Kila kimoja unakihamishia kwa ng'ombe mwingine wa kawaida, akibebe miezi iliyobaki. Hivyo ng'ombe wa mtu wa Kakuma anayetoa maziwa ya kikombe kimoja anaweza kuzaa ndama atakayekuja kujaza ndoo. Mimi niliosha vyombo, nikatunza mtungi wa baridi na kuandika majina. Fundi ndiye aliyetazama, akachagua, akaweka.

Ilikuwa ajabu kwa watu, maana Fundi alikuwa mwanamke, kama mimi. Kwetu mwanamke hukama, lakini mambo ya kupandisha ni ya wanaume, na wanaume hawakumwachia kimya kimya. Siku moja tulikwenda Lowarengak, kule ziwani, na mzee mmoja alipomwona mkono wake umezama ndani ya ng'ombe hadi begani alimwuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Mama, unatafuta nini huko ndani?"

"Mahari ya kijana yako," Fundi akamjibu bila kugeuka. "Nyamaza nisipoteze."

Watu walicheka hadi ng'ombe akashtuka, na Fundi akawakaripia wote, yeye mwenyewe aliyewachekesha. Ndivyo alivyokuwa. Alitaka kimya zizini. Alikataza mtu kuhesabu kwa sauti, alikataza manukato, alikataza hata kutaja neno dume au jike wakati mrija unaingia. Ukimwambia huo ni ushirikina, alikasirika sana. Alisema ng'ombe aliyeshtuka mfuko wake hujikaza, hiyo ni sayansi. Nikamwuliza basi neno jike linamshtuaje ng'ombe. Aliniambia nikaoshe vyombo.

Alivaa ovaroli ya kijani ya kituo na, ndani ya kola, shanga zake zote, safu juu ya safu, shingo ndefu imenyooka. Siku za joto kali, na kwetu joto kali ndilo la kawaida, shanga zile zilipashika moto akawa anazinyunyizia maji ya kunywa. Hakuwa na saa. Alichukia saa. Lakini dawa ikitakiwa alfajiri alifika kabla ya mlinzi kuamka, na mimi mwenye saa mkononi nilichelewa. "Mtoto wa barabarani," aliniita, kwa kuwa nimezaliwa Kalemng'orok, pale magari ya Kitale yanapopita. Alidai sisi tuliokulia kando ya lami tumezoea kusubiri gari lije, hatujui kwenda wenyewe.

Na alikuwa na ndoto. Kila tulipohamisha kiinitete, asubuhi iliyofuata alikuja na rangi ya ndama. "Nimemwona," alisema akivua viatu. "Mwekundu, miguu nyeupe." Kuhusu rangi alipatia mara chache, kuhusu kama ni dume au jike hakuwahi kupatia, lakini hakuacha kuota wala mimi sikuacha kuuliza. Mchana wa saa nane, upepo ukipuliza mchanga kwenye mabati na ng'ombe wote wamelala wanacheua, alinisimulia ndoto hizo polepole, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kiturkana, na mimi nikasinzia ndani yake. Mara nyingine nilizinduka nisijue ndama niliyemwona alikuwa wa kwake au wa kwangu.

Ndoto moja ilimrudia tangu utotoni. Dume la rangi ya majivu, tumbo jeupe, linatembea ndani ya mto mkavu na kila linapokanyaga maji yanatokea. Lilikuwa dume la baba yake. Kwetu mwanamume ana dume analolipenda na kuliimbia, hata jina lake mwenyewe hulipata kutokana na rangi ya dume hilo, na baba yake aliliimbia hilo la majivu hadi lilipokufa kwa kiangazi. Fundi alikuwa msichana mdogo wa kuteka maji. Alijifunza wimbo wote kwa kusikiliza, akawa anauimba kisimani akiwa peke yake, kwa sababu haukuwa wimbo wake na hakuna aliyempa. Aliniimbia mara mbili katika miaka yote hiyo. Sauti yake ilikuwa nene, haikuwa nzuri sana, na mikono aliiinua juu ikawa pembe.

Basi fikiria kichekesho chake: mwanamke aliyependa dume moja maisha yake yote, kazi yake ikawa kutafuta majike. Maana hicho ndicho kila mtu alichotaka. Mwenye ng'ombe wa maziwa haombi ndama, anaomba ndama jike, atakayekuja kukamwa. Dume la maziwa kwa mama wa Kakuma ni mdomo wa kulisha. Zipo mbegu zilizokwisha kuchaguliwa jinsia huko zinakotengenezwa, na tulizileta mara moja, lakini ni dhaifu kuliko zile za kawaida na zinahitaji kubembelezwa. Gari lililobeba mtungi lilikwama siku mbili kwa mafuriko kwenye lagga, ule mto mkavu unaojaa ghafla, baridi ikaisha, na zikatufikia zimekufa zote.

Kwa hiyo watu walijitafutia njia. Wengine walisema ukimpandisha ng'ombe mapema joto lake la uzazi linapoanza utapata jike, ukichelewa utapata dume. Wengine wakasema chumvi. Wengine wakasema alale upande wa kushoto. Fundi alisikiliza yote akitafuna tunda la mkoma, meno yake yakilia kwenye ganda. Alikubali moja tu, kwamba baada ya ukame aliona majike mengi kuliko madume. "Mama akikonda anazaa binti," alisema. "Anajua nani atamsaidia." Nilimwambia wataalamu wengine wamechunguza jambo hilo pia, chakula cha mama na sukari ya damu yake, na hawajaafikiana. Akasema wao hawakuwepo kwenye ukame.

Na alikuwa na imani yake mwenyewe, ambayo ndiyo kiini cha haya ninayoandika. Zamani alipelekwa kwenye mafunzo huko nyanda za juu. Mkufunzi mmoja alieleza kwamba viinitete vya kiume mara nyingi hukua haraka kuliko vya kike, hasa vinapolelewa kwenye sahani za kioo vikiwa na sukari, na ukichagua kila mara kile kilichotangulia unaweza kujikuta na madume mengi. Hiyo ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Baada ya chakula mkufunzi akaendelea kueleza kwamba kwa vile vinavyotolewa tumboni mwa ng'ombe mambo hayako wazi, na kwamba kiinitete kilichobaki nyuma mara nyingi ni dhaifu, hakishiki mimba. Sehemu hiyo Fundi hakuisikia; mimi niliisoma baadaye kwenye karatasi za mafunzo. Alikula pilau na nyama, ukumbi ulikuwa na baridi nzuri ya milimani, akalala. Alinisimulia hivyo yeye mwenyewe akicheka, bila kujua alichokuwa akinisimulia.

Alirudi Lodwar na nusu ya somo. "Yule anayekimbia ni dume," alisema juu ya hadubini. "Jike anasubiri kwanza, aone kama nyumba ni nzuri." Miaka ya mwanzo haikuleta madhara. Macho yake yalikuwa makali, na hata alipochagua waliochelewa kidogo alichagua wenye afya. Nilizoea kumsikia akinong'ona, "Huyu ana haraka, huyu ana haraka, haya, mama huyu ametulia."

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Vumbi letu na nzi wetu huleta ugonjwa wa kope. Kope zinageuka ndani, nywele zinakwaruza jicho kila ukipepesa, na jicho linaota ukungu. Alifanyiwa upasuaji kwa kuchelewa. Hakusema kitu. Aliendelea kuinama, kusalimu na kugeuza vibonye, lakini nilianza kugundua kwamba ananiuliza. "Huyu wa kulia unamwonaje?" Kama vile anapima akili yangu. Nilijibu kama mwanafunzi. Mwaka mzima tulicheza mchezo huo, mimi nikiwa macho yake na yeye akijifanya ananifundisha, na hakuna aliyeutaja. Nilimpenda sana mwaka huo. Nilikuwa na furaha ya aibu ya kuhitajika.

Ndipo akaja Mama Akiru kutoka Kakuma mjini. Alikuwa mjane, na alikuwa na ng'ombe mmoja mzee katika zizi la miti karibu na lagga. Alishirikiana na Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi, Mama Pascaline. Ng'ombe ni wa Mama Akiru, Mama Pascaline anakata majani, anakama, anapika chai ya maziwa, na familia mbili zinakula. Ng'ombe alikuwa amebakiza mimba moja. Baada ya hapo, buchani. Kama mimba ile haitaleta jike, ushirika wao umekwisha.

"Fundi," Mama Akiru alisema, amesimama mlangoni pa maabara na viatu mkononi, "mimi siombi mingi. Mtoto msichana moja tu."

"Nitakutafutia ile imechelewa," Fundi akamwambia.

Asubuhi tuliyoosha ng'ombe wetu tulipata viwili tu vinavyofaa. Kimoja kilikuwa kimekomaa vizuri, mviringo safi, kimeshaanza kutengeneza uwazi katikati na kubana ganda lake. Cha pili kilikuwa bado bonge, kama punje za mtama zilizoshikana, na pembeni chembe chache zimeanza kuwa nyeusi. Kilikuwa kinakufa, au kilikuwa kinafikiria kufa. Fundi aliinama, akasalimu. Ukimya ukawa mrefu kuliko kawaida.

"Mtoto wa barabarani," akasema. "Nani amebaki nyuma?"

Ningeweza kumwambia yote. Ningesema, Fundi, aliyebaki nyuma ni mgonjwa, hatashika, na ng'ombe yule hana mimba nyingine. Lakini angebisha, na ili nimshinde ningelazimika kusema kwamba haoni. Sikuweza.

"Wa kushoto," nilisema. Wa kushoto ndiye aliyetangulia.

Alimvuta kwenye mrija, maana vivuli bado aliviona. Tukaendesha hadi Kakuma, mrija umekaa kifuani mwake ndani ya chupa, chini ya shanga, na njia nzima alimwimbia.

Mimba ilishika. Akazaliwa jike.

Sijawahi kuona watu wawili wanafurahi vile. Mama Akiru alimpaka ndama mafuta kichwani. Mama Pascaline ndiye aliyetoa jina. "Tutamwita Polepole," alisema, "juu Fundi alisema alitokaga mwisho kabisa!" Na Fundi akageuza uso wake wenye ukungu huku na huku akicheka, akauliza rangi, nikamwambia ni mwekundu na miguu nyeupe, na ilikuwa kweli. Ilikuwa mojawapo ya zile mara chache ndoto yake ilipopatia. Nilicheka nao. Nilisema moyoni, imekwisha vizuri, ya nini kuharibu.

Haikuwa imekwisha. Fundi alistaafu mwaka uliofuata akarudi Kanamkemer, lakini mtu kama yule hastaafu. Polepole alipokua na kuzaa mara ya kwanza, vijana waliofundishwa kazi hii wakaenda kwake, akawakalisha kwenye ngozi, akawasimulia Polepole. Chagueni aliyechelewa. Mnataka ushahidi? Nendeni Kakuma mkamwone anakamwa. Nao wakaenda, wakamwona, ng'ombe mwekundu mwenye kiwele kikubwa, wakaamini. Wakaanza kuweka bonge na chembe zilizokufa ndani ya ng'ombe za watu. Mimba hazikushika. Watu wakalaumu joto, wakalaumu nyasi, wakalaumu ng'ombe, na ng'ombe anayelaumiwa kwetu hana muda mrefu. Mimi nilikuwa kituoni, taarifa zinanipitia mkononi, na nilijua kila zizi ambako uwongo wangu ulifika. Niliwaambia vijana wachague wenye afya. Wakanijibu kwa heshima kwamba Fundi amesema. Nilikuwa nani mimi, mwosha vyombo?

Kilichoninyanyua hatimaye ni simu ya Mama Pascaline. Polepole mwenyewe alikuwa ameshindwa mara mbili. Maziwa yake ya uzao uliopita yalikuwa yanakatika, mimba hakuna.

"Tumepanda mara mbili, dada, mara mbili yote inamwangika," alisema. "Mama Akiru anasema ya tatu ikikataa, tutamuuzisha kwa buchari. Sasa tutafanya namna gani? Niambie."

"Waliweka kiinitete gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ile ya nyuma. Kama mama yake alivyofanyiwa."

Nilifika Kanamkemer jua likiwa kali. Fundi alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yake, anasuka kikapu cha makuti ya mkoma kwa vidole tu. Sasa alikuwa haoni kabisa. Alinitambua kwa hatua. "Ejok, mtoto wa barabarani. Gari ilikuchukua mapema leo."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lodwar mjini, na yote yakapotea. Nikasema tu, "Fundi, Polepole hakuwa mchelewaji. Nilikudanganya. Uliniuliza nani amebaki nyuma, nikakuonyesha aliyetangulia. Yule mwingine alikuwa anakufa."

Vidole vyake viliendelea kusuka. Mstari mmoja, mstari wa pili. Mbuzi walilia mahali fulani. Nililia mimi pia, bila sauti, nikidhani hataona, kisha nikakumbuka kwamba kweli haoni, na nikalia zaidi.

"Ulijua sioni," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka mzima kabla."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaweka kikapu pembeni. "Wewe ndio ungenisaidia," alisema, na hakuikaza sauti hata kidogo, ndiyo maana iliniumiza. "Mtu haoni, anajua haoni, anangoja mwenzake aseme. Mimi nilingoja. Kila siku nilikuuliza. Ulifikiri nakuuliza nini?"

Alipapasa hadi akapata bega langu, akalishika kama ukuta, akasimama.

"Ng'ombe ngapi zimeenda kwa buchari?" akauliza.

Nikamtajia ninazozijua. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Leta gari. Hii maneno siwezi kutuma kwa simu."

Siku iliyofaa kwa Polepole tulikwenda Kakuma pamoja. Wale vijana walikuja, watatu, na wenye ng'ombe wengine wa jirani, kwa kuwa neno lilikuwa limeenea kwamba Fundi amekuja mwenyewe. Walimkaribisha kwa shangwe. Aliinua mkono wakatulia.

"Ile nilifundisha nyinyi ni uwongo," alisema. "Mimi nililala wakati ya somo. Halafu macho yangu ikakufa, nikaficha. Huyu binti aliona, akaogopa kuniambia. Ndama hii ilitoka kwa ile nzuri, ile ilikuwa mbele. Sasa chagueni mwenye afya. Kama ni dume, ni dume. Mwenye amepoteza ng'ombe kwa sababu yangu, nyumba yangu iko Kanamkemer, aje aniambie kwa uso."

Mama Akiru alikuwa akiniangalia mimi, wala si kwa wema, na nilistahili. Kisha Mama Pascaline akasema taratibu, "Lakini maziwa, Fundi. Ikizaa dume, maziwa iko?"

"Maziwa iko," akajibu. "Maziwa inakuja na ndama yoyote. Ng'ombe hana ubaguzi, ni sisi."

Nilikuwa nimechagua kiinitete kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na nilimweleza kilivyo, kila chembe, kwa sauti, mbele ya wote. Alitaka kuweka yeye. Vijana wakatazamana. Lakini kazi ile tangu mwanzo haikuwa ya macho. Alivaa glavu ndefu, mkono ukaingia, uso wake akaulaza kwenye ubavu wa Polepole, na kila mtu alinyamaza, hata mimi sikufikiri neno dume wala jike. Alipomaliza alibaki amelala pale ubavuni kwa muda, na nadhani alikuwa anasikiliza.

Miezi tisa baadaye nilimfuata tena Kanamkemer. Alikuwa amedhoofika, shanga zimemzidi uzito, amebakiza safu chache tu. Watu walikuwa wamekuja kumwambia kwa uso, kama alivyotaka. Mmoja alimtukana vibaya. Mwingine alikaa naye siku nzima akarudi nyumbani bila kusema neno. Nilimshika mkono hadi kwenye gari, na njiani hakuimba.

Polepole alikuwa amezaa alfajiri. Alisimama zizini amejaa maziwa, Mama Pascaline tayari yuko chini na ndoo, na ndama amelala kwenye majani, bado ana unyevu masikioni. Fundi alipiga magoti. Mikono yake ilimpapasa kuanzia kichwa, shingo, mgongo, ikazunguka nyuma, ikateremka. Ikasimama.

"Dume," akasema, na uso wote ukakunjuka kwa kicheko. "Unaona? Nilisema! Anayekimbia ni dume!"

"Fundi, mama yake pia alikimbia na ni jike. Mmoja jike, mmoja dume. Hiyo ni nusu kwa nusu."

"Wewe nyamaza, mtoto wa barabarani." Alikuwa bado anacheka. Mama Akiru, aliyekuwa ameegemea mti wa zizi bila furaha, na yeye akaanza kucheka bila kupenda.

Kisha Fundi akatulia. Mikono yake miwili ilikuwa imeushika uso wa ndama. Aliniita, safari hii kwa jina langu, na kabla ya hapo hakuwahi kuniita kwa jina.

"Rangi gani?"

Nilijua anachouliza. Nilimjua dume wa majivu mwenye tumbo jeupe, anayetembea kwenye mto mkavu na maji yanatokea. Lingekuwa neno moja tu. Angekufa nalo, na hakuna mtu pale ambaye angenisuta. Mama Akiru alinitazama. Mama Pascaline aliacha kukama.

"Na usinidanganye," Fundi akasema.

"Mweusi," nilisema. "Mweusi mtupu. Ana doa jeupe kwenye paji, dogo, kama ukucha wako."

Alilitafuta kwa kidole gumba, hapo nilipomwelekeza, akalisugua kidogo kana kwamba doa lina umbo la kushikika. Nilidhani nimemvunja moyo. Halafu midomo yake ilianza kusogea. Alianza wimbo wa baba yake, ile sauti nene isiyo nzuri sana, na alipofika mahali pa rangi akasita, akarudi nyuma, akajaribu tena, akitafuta maneno ya mweusi mahali palipokuwa na maneno ya majivu. Alipoyapata aliinua mikono juu, pembe mbili, na akaimba mpaka mwisho.